Nimepewa wauguzi 11 niwafundishe triaji, yaani kupanga nani aonwe kwanza kwa uzito wa hali yake, kwa wiki mbili. Nianzie wapi?

SistaNyandaZaJuu ameuliza:

Habari za kazi wenzangu. Mimi ni muuguzi wa stashahada, mwaka wa tisa kazini, kwenye hospitali moja ya mkoa wa Mbeya iliyo kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Tangu mwezi uliopita mimi ndiye inchaji (msimamizi) wa dharura. Nikisema dharura msifikirie jengo. Ni chumba kimoja chenye vitanda vitatu na mashine moja ya oksijeni, na meza ya mapokezi iko nje kwenye varanda, upepo wa mlimani unapiga karatasi zote. Juzi mganga mfawidhi kaniita ofisini: "Wafundishe wenzako triaji, wote 11, wiki mbili, na zamu zisisimame." Nimepewa rimu moja ya karatasi. Hiyo ndiyo bajeti.

Niwaeleze kwanza jambo hili lilivyofika ofisini kwake, maana sitaki mnijibu kama mtu anayetafuta cheti.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ile mnayoijua, mzee mmoja aliletwa na mjukuu wake kwa bajaji. Koti zito la kijivu, vifungo vyote mpaka shingoni, kofia ya sufu imeshushwa masikioni. Muuguzi wa mezani akamwamkia vizuri tu: "Shikamoo babu, hujambo?" Mzee akaitika, "Marahaba, sijambo mwanangu, kifua tu kinabana kidogo." Akaonyeshwa benchi. Mjukuu akaenda kupanga foleni ya kadi. Mimi wakati huo nilikuwa ndani na mama aliyekuwa anatoka damu. Nilipotoka nilimpita yule mzee mara mbili. Mara ya tatu nikaona mabega yake yanapanda na kushuka ndani ya koti, na mjukuu akimwuliza kitu anatikisa kichwa tu, hasemi.

Nikapiga magoti nikamfungua vifungo. Chini ya koti sweta, chini ya sweta shati, chini ya shati ngozi ya katikati ya mbavu inazama kila akivuta hewa. Nilihesabu dakika nzima. Pumzi 32. Mapigo 118, presha ya juu 95, joto 36.2. Ilikuwa imepita saa moja na dakika 40 tangu ashuke kwenye bajaji. Kutoka benchi lile mpaka kwenye mashine ya oksijeni nimepima kwa miguu, ni hatua 12.

Alifariki usiku ule. Ilikuwa nimonia.

Kwenye daftari la mapokezi aliandikiwa: "Pumzi 20, hali nzuri." Nikaanza kurudisha kurasa nyuma. 20, 20, 20, 22, 20, 20. Vichanga 20, wajawazito 20, kijana aliyeanguka na bodaboda 20. Dada aliyeandika ya mzee si mvivu, nimefanya naye kazi miaka minne, ana huruma kuliko wengi wetu. Hakuna mtu aliyewahi kukaa naye na saa mkononi akamwambia hesabu tuone. Na mimi pia nimeandika 20 nyingi katika miaka hii tisa, na ninaandika hapa nikiwa na uchungu nazo.

Usiku huo nilichukua jedwali la alama la Afrika Kusini, lile la TEWS linalojumlisha alama za vipimo vya mgonjwa, nikampigia hesabu mzee wangu. Pumzi zaidi ya 29, alama 3. Mapigo kati ya 111 na 129, alama 2. Presha kati ya 81 na 100, alama 1. Anatembea kwa kushikwa mkono, alama 1. Jumla 7, na kuanzia 7 ni nyekundu, yaani aonwe mara moja. Tulimweka na watu wa kijani, wale wanaoweza kusubiri.

Sasa naomba msaada wenu. Nichukue huo mfumo wa Afrika Kusini wenye rangi nne za walio hai, au ule wa Shirika la Afya Duniani wenye rangi tatu? Nifundishe darasani au mezani? Na hili la foleni ya kadi na namba ya malipo mnalifanyaje, kwa sababu hata nikimfundisha muuguzi akatambua nyekundu, mgonjwa bado anasimamishwa dirishani. Ndugu wa wagonjwa nao wanatufokea kila tukimtanguliza mtu. Nakaribisha majibu ya aliyefanya, hata kama alifanya akakosea.

---

MkufunziMstaafu_Iringa amejibu:

Pole sana mwanangu. Nimesoma habari ya mzee huyo mara mbili. Nimefundisha wauguzi miaka 26, nimestaafu, nipo hapa Iringa nalima nyanya, lakini jambo hili bado linaniamsha usiku, kwa hiyo nivumilie niwe mrefu.

Mfumo: chagua mmoja, usichanganye mezani. Ule wa Afrika Kusini ulianzia Cape Town mwaka 2004 na ni mzuri sana, una jedwali la watu wazima, la watoto wakubwa na la watoto wadogo, na rangi yake ya machungwa inataka mgonjwa aonwe ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa moja, kijani ndani ya saa nne. Lakini wewe una vitanda vitatu. Huyo wa machungwa na huyo wa njano utawatenganisha wapi? Rangi ambayo haina mahali pa kumlaza mgonjwa inabaki kuwa wino. Kwa mahali pako ningechukua ile ya rangi tatu, iliyotengenezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na Madaktari Wasio na Mipaka. Unatafuta dalili za nyekundu kwanza, ukikosa unatafuta za njano, kisha unapima, na kipimo kikiwa kibaya unampandisha au unamwita daktari hapohapo. Kwa mtu mzima pumzi zaidi ya 30 au oksijeni ya damu chini ya asilimia 92 haiachwi benchi. Mzee wako angekamatwa na mifumo yote miwili, mradi tu mtu angehesabu.

Ndiyo maana nasema siku ya kwanza usifundishe rangi kabisa. Fundisha kuhesabu. Wapange wawili wawili mbele ya mgonjwa mmoja aliyetulia wodini. Wa kwanza anatazama tu na kuandika anachodhani, wa pili anahesabu dakika nzima kwa saa. Wafunue karatasi zao pamoja. Nimefanya zoezi hilo na wanafunzi wengi, na kimya kinachofuata kinafundisha kuliko mimi. Dakika nzima lakini, usikubali sekunde 15 mara nne, kwa sababu mtu akikosea pumzi moja umekosea nne. Na mgonjwa asijue unahesabu. Shika mkono wake kama unapima mapigo, macho yako yawe kifuani au tumboni.

La pili ni salamu. Huku kwetu mtu mzima hakuambii anaumwa kwenye salamu. Ukimwuliza hujambo atasema sijambo, na Mhehe wangu wa hapa atakuitikia kamwene kwa sauti nzuri hata kama moyo unasimama. Hiyo ni adabu aliyolelewa nayo, usiichukue kama taarifa ya afya. Mwamkie, apokee, kisha mwulize swali linalohitaji sentensi ndefu: "Babu, umetoka wapi leo, na umekuja na nani?" Halafu usimsaidie kujibu. Sikiliza anakatika wapi. Akisema "Nimetoka..." akavuta hewa, "...Igurusi..." akavuta tena, umeshamaliza nusu ya kazi kabla hujashika kifaa chochote.

La tatu ni nguo zetu za baridi. Mtoto anakuja mgongoni, khanga, juu yake blanketi, ndani sweta mbili na kofia. Muuguzi anagusa paji la uso, anaandika joto, anasema subiri. Mwambie mama akae, amfungue mtoto kifua chote, na muuguzi atazame chini ya mbavu panavyoingia. Mtoto wa miezi miwili hadi 12 akifika pumzi 50 kwa dakika, hizo ni za haraka. Walio chini ya miezi miwili hawasubiri foleni hata wakiwa wamelala vizuri, hilo lipo kwenye mafunzo ya dharura za watoto ya Shirika la Afya Duniani, yale ya ETAT. Na hapohapo kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa milimani: wanafundisha kubonyeza ukucha na kuhesabu damu inarudi baada ya sekunde ngapi, zaidi ya 3 ni hatari. Sasa kwenye varanda yako ya mwezi wa sita kila kidole ni baridi na damu inachelewa kwa kila mtu. Chumba kikiwa baridi, tegemea mapigo: je, ni dhaifu na ya haraka? Kipima oksijeni cha kidoleni nacho kinayumba kidole kikiwa cha baridi. Msugue mkono kwanza, mfute rangi ya kucha kama anayo.

Baada ya hapo ndipo rangi. Chukua hilo daftari lako la 20, 20, 20. Nakili wagonjwa 30 bila majina, kila mmoja karatasi yake: umri, alivyokuja, alichosema, vipimo. Pale ambapo pumzi ni ya kubahatisha, iandike hivyohivyo, waone wenyewe kwamba haiwezekani kumpangia mtu rangi kwa namba ya uongo. Kila muuguzi aandike rangi peke yake, kimya. Kisha mjadili zile tu mlizotofautiana. Msipoteze muda kwenye zile mlizokubaliana.

Neno lenyewe ni la Kifaransa, maana yake kuchambua. Mama zetu wanachambua maharage kwenye ungo kila jioni na hakuna anayeokota bila kuangalia. Daktari wa jeshi la Napoleon, Dominique Jean Larrey, anakumbukwa kwa kuwatibu majeruhi kwa ukubwa wa jeraha bila kuangalia cheo. Nakuambia hili kwa sababu iko siku utaletewa diwani mwenye mafua.

---

SistaNyandaZaJuu amejibu:

Shikamoo Mkufunzi. Nimeandika yote kwenye daftari langu. Hilo la "umetoka wapi na umekuja na nani" nimelijaribu leo mchana na mama mmoja wa Chimala mwenye pumu. Alisema maneno mawili mawili. Asante sana mama.

---

KakaWaKitonga amejibu:

Dada, mimi napokea ajali za mteremko wa Kitonga. Nitasema mambo mawili tu, nipo zamu.

Moja, usiwafundishe wauguzi peke yao. Mfundishe mlinzi wa getini, anayefanya usafi, na yule wa dirisha la kadi. Mlinzi ndiye anayemwona mgonjwa wa kwanza, wewe unamwona wa nne. Sisi tulimfundisha mlinzi wetu ishara tano: haamki, anadegedeka, anapumua kwa shida, anatoka damu nyingi, mjamzito mwenye maumivu makali au damu. Akiona moja hamwulizi mtu kadi, anasukuma stretcha mwenyewe na kupiga kengele. Tulitumia saa mbili kumfundisha. Ni mzee wa Kihehe aliyekuwa mgambo, na nakuhakikishia hakuna intani anayemshinda kumtambua mtu aliyeishiwa damu.

Mbili, wafundishe pia siku wanapokuja 20 kwa mpigo, kwa sababu wewe upo kwenye barabara ileile ya malori. Siku hiyo hakuna kupima presha ya kila mtu. Unatumia ule utaratibu wa START uliotoka California miaka ya 1980. Unapaza sauti: "Anayeweza kutembea aje upande huu, chini ya mti!" Wote wanaokuja ni kijani kwa sasa. Kwa waliobaki unakwenda mmoja mmoja: anapumua? Kama hapumui fungua njia ya hewa. Anapumua zaidi ya 30 kwa dakika? Mapigo ya kifundo cha mkono yapo? Nikimwambia nishike mkono anashika? Nusu dakika kwa mtu, unafunga kitambaa, unasogea. Kugumu kuliko kote ni kusogea. Mara ya kwanza yangu, Costa na lori la mahindi, nilikwama kwa kijana mmoja aliyekuwa analia kwa mguu uliovunjika, kanishika koti, na mimi nikaanza kumfunga gango. Nyuma yangu, hatua tatu, alikuwapo mama aliyekaa kimya kaegemea tairi, tumbo limejaa damu ndani. Alinyamaza, ndiyo maana sikumwona. Nilimfikia kwa kuchelewa na namkumbuka mpaka leo.

Vitambaa tulikata kwa fundi cherehani, mabaki ya vitenge na mashuka: vyekundu, njano, kijani, na nyeusi ya aliyefariki, kila kimoja urefu wa mkono. Havikutugharimu chochote. Vinakaa kwenye ndoo ukutani, na kila mwezi tunafanya zoezi na wanafunzi wa sekondari ya jirani wakiigiza majeruhi. Habari ya PF3 waambie wazi wauguzi wako: anayekufa anatibiwa kwanza, fomu ya polisi inafuata.

---

Tabibu_Mbozi amejibu:

Naomba nisikubaliane kidogo, kwa heshima ya Mkufunzi na ya dada aliyeuliza.

Mimi ni afisa tabibu. Usiku mara nyingi nipo peke yangu, wodi zote zangu. Tulifanya triaji mwaka fulani, wiki ya kwanza muuguzi akaleta nyekundu 14 usiku mmoja. Nyekundu za kweli zilikuwa nne. Nikaacha kukimbia. Nasema ukweli ili msaidike: nilipoacha kukimbia, mfumo ulikufa, kwa sababu nyekundu ya tano ilipokuja nilimalizia kwanza chai. Kwa hiyo kabla ya kuwapa wauguzi mamlaka, hakikisha wanaijua nyekundu. Vinginevyo unamchosha mtu mmoja aliyepo.

---

MkufunziMstaafu_Iringa amejibu:

Mwanangu tabibu, nashukuru umesema mpaka habari ya chai. Lakini tazama hesabu hiyo kwa upande mwingine. Wapasuaji wa majeruhi wa Marekani wanavumilia majeruhi 25 mpaka 35 katika kila 100 wapandishwe juu kuliko hali yao, ili watakaoshushwa chini kimakosa wasizidi 5. Yaani kosa la kupandisha limekubaliwa mapema kama gharama ya kazi. Kosa la kushusha ndilo lililomweka babu wa watu benchi saa moja na dakika 40.

Zile kumi zako zilizozidi, kesho yake asubuhi mlikaa nazo? Kama muuguzi hakuambiwa ipi ilikuwa nyekundu na ipi haikuwa, na kwa nini, usiku wa pili ataleta 14 tena. Tabibu wa zamu na muuguzi wa meza wakae dakika 10 kabla ya kukabidhi zamu, mafaili matano tu, waulizane. Na ukifika ukakuta si nyekundu, usimfokee mbele ya mgonjwa. Ukimfokea mara moja, mara ya pili atanyamaza na nyekundu ya kweli.

Mamlaka lazima yawe ya muuguzi, kwa maandishi, yamesainiwa na mganga mfawidhi na kubandikwa ukutani: nyekundu haipiti dirishani, kadi na malipo vitamfuata ndani. Bila karatasi hiyo, Sista, usianze hata mafunzo. Muuguzi atakayejua hatari na kukosa ruhusa ya kuchukua hatua utakuwa umemwongezea mzigo moyoni tu.

---

Tabibu_Mbozi amejibu:

Hatukukaa nazo hata siku moja. Hilo nimelipokea, mama.

---

NesiWaMakete amejibu:

Mimi naongeza moja la baridi, halipo kwenye vitabu vingi vya triaji na linatupata kila mwaka kuanzia mwezi wa tano. Jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa.

Waliletwa alfajiri, mama na watoto wawili. Kichwa kinauma, wanatapika, mtoto mkubwa analegea. Kipima oksijeni kidoleni: 98, 97, 98. Kwa karatasi ya vipimo ni njano ya chini, karibu na kijani, na mwenzangu alishaanza kuandika wapimwe malaria. Nikawasikia nguo zinanuka moshi. Nikauliza, "Mlilala na jiko ndani?" Mama akasema ndiyo, walilifunika majivu ili lisizime.

Sumu ya moshi wa mkaa inaikamata damu mahali pa oksijeni, na kile kifaa cha kidoleni hakiwezi kutofautisha, kinaona damu nyekundu kinasema 98. Kwa hiyo namba nzuri isiwatulize. Watu wa nyumba moja wakija pamoja na kichwa na kutapika, msimu wa baridi, uliza jiko kabla ya kitu kingine, na wapewe oksijeni nyingi kwa barakoa mara moja bila kujali kifaa kinasema nini. Sasa swali hilo tumeliandika kwa kalamu nene kwenye meza yenyewe, kwa sababu karatasi zinapeperuka. Wauguzi wako wa Mbeya watawaona wagonjwa hao, naomba liwe mojawapo ya zile kesi 30.

---

BintiWaMwanjelwa amejibu:

Samahani naingia, mimi si muuguzi, ni mama tu ninayeuza mitumba. Mmesema ndugu wanafoka. Mimi nimefoka. Nilikaa na mwanangu mwenye homa tangu saa mbili asubuhi, watu watatu wakaingizwa mbele yangu, hakuna aliyeniambia neno. Nilijua wametoa kitu kidogo. Nilichotaka ni mtu aje aniambie. Mkimtanguliza mwingine, mwambieni mama anayebaki sababu, na mwambieni saa ya kurudi kumwangalia.

---

SistaNyandaZaJuu amejibu:

Dada wa Mwanjelwa, asante kwa kuingia, na pole kwa siku ile. Neno lako nimeliweka kwenye mafunzo kama lilivyo. Sasa tunasema hivi, na kila muuguzi amelisema kwa mdomo wake mpaka limekaa: "Mama, hatujakuruka. Huyu pumzi zinamwishia. Mwanao nimemwona, nitarudi kumwangalia saa nne na nusu." Na saa nne na nusu lazima arudi. Saa tunaiandika kwa kalamu kwenye kipande cha plasta, tunabandika kwenye kadi ya mgonjwa. Kila nusu saa mtu mmoja anapita benchi zima, anawatazama wote upya, hata wa kijani.

Niwape taarifa ya siku saba. Karatasi ya mganga mfawidhi ilichukua siku tatu. Mhasibu aliuliza fedha itafuatiliwaje, swali la haki, tukakubaliana mafaili mekundu yapelekwe dirishani na mhudumu wetu mgonjwa akishatulia. Imesainiwa, iko ukutani, nimeifunika nailoni kwa ajili ya mvua.

Zoezi la kudhani na kuhesabu tulilifanya wodi ya wanaume. Mgonjwa wa kwanza, sita kati ya 11 waliandika 20. Alikuwa 28. Hakuna aliyecheka. Dada yule wa mezani alitoka nje, nikamfuata, tukasimama pale kwenye karo ya kufulia. Alisema, "Dada, kumbe yule babu nilimwona." Sikumjibu. Tulirudi ndani akahesabu wagonjwa wanane mfululizo, dakika nzima kila mmoja, akakataa kupumzika.

Darasa nimeliacha. Kila siku naanza saa moja na nusu, baada ya kukabidhi zamu, dakika 40 na kesi tano za daftari, kisha wawili wanakaa nami mezani mpaka saa sita. Mlinzi wetu amefundishwa Jumatano. Aliomba ishara zake aandikiwe kwa herufi kubwa, kazibandika ndani ya kibanda chake juu ya redio. Swali la jiko limeandikwa kwenye meza, kalamu nene, kama Makete.

Mambo yanayonishinda bado yapo. Usiku muuguzi ni mmoja, na akiwa ndani na nyekundu benchi halina mtu. Nimeomba mhudumu wa afya mmoja wa zamu ya usiku afundishwe kupita benchi na kuita, sijajibiwa. Saa yenye mshale wa sekunde tunayo moja. Nyingine tunatumia simu, na ndugu wakimwona muuguzi ameshika simu wanadhani anachati. Kwa hiyo sasa kwanza anamwonyesha ndugu kioo: "Nahesabu pumzi zake, niangalizie dakika iishe." Wengi wanapenda kuangalia.

Na jana jioni, saa kumi na mbili, nilikuwa nakabidhi. Mama alishuka kwenye bajaji na mtoto wa miezi mitano mgongoni, blanketi la bluu, kimya. Dada yuleyule alikuwa mezani. Nilimwona kwa mbali akimkalisha mama, anafungua blanketi, anafungua sweta, anainua fulana, kisha kaganda, macho kifuani mwa mtoto, midomo inahesabu. Dakika ilipoisha hakuandika chochote. Alimbeba mtoto, akampita mtu wa dirisha la kadi bila kugeuka, akaniletea mpaka kwenye mashine, akasema, "64." Mtoto yupo wodini. Asubuhi hii amenyonya.

Mkufunzi, kama bado unazo zile kesi ulizokuwa unatumia na wanafunzi wako, nitafurahi sana ukiniletea kwa ujumbe wa ndani, zangu za daftari zina watoto wachache. Kaka wa Kitonga, vitambaa nimeshapeleka kwa fundi wa Uyole. Nina swali moja: nyeusi kwenu anaishika nani?

---

KakaWaKitonga amejibu:

Haikai kwenye ndoo na zile nyingine. Inakaa mfukoni mwa inchaji wa zamu. Njia ya hewa inafunguliwa kwanza, mtu wa pili anatazama, ndipo inafungwa. Leta swali lolote dada, nikitoka zamu nitajibu.